Nusu ya Nyuma ya Shemeji

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumamosi, gari la Jaji lilikuwa limesimama kwenye sakafu ya saruji ya gereji yake, pua ikiwa chini na mkia ukiwa juu, tofauti ya upana wa kiganja kizima. Sakafu ilikuwa imenyooka. Mkaguzi aliipima kwanza kwa pima maji kabla ya kuligusa gari, kwa sababu alimjua mwenye nyumba.

"Sakafu ina mteremko," alisema Jaji.

"Haina, Baba."

"Umepima?"

"Nimepima."

Jaji alifunga tena kifungo cha koti lake ambacho kilikuwa tayari kimefungwa. Alikuwa amestaafu zamani, lakini nyumbani bado alivaa kama mtu anayesubiriwa na mahakama. Mkaguzi alikuwa binti yake wa pili. Kazini kwake, maabara ya vipimo, kazi ya kila siku ilikuwa kupima mizani za watu na kuwaeleza wenyewe kwamba zinadanganya. Klabu ya magari ya kale ilimpa ukaguzi kwa sababu moja tu: hakuna aliyewahi kumwona akilipenda gari lolote.

"Huo ni mkao wa mbio," Jaji aliendelea. "Gari la michezo huinama mbele. Upepo unapita juu."

"Limeinama kama mtu aliyeangusha funguo," ilisema sauti kutoka mlangoni.

Aliyesema ni Mjomba Meno, kaka yake Mama, daktari wa meno mstaafu, ambaye alikuwa ameketi juu ya kreti la soda bila kukaribishwa. Naye alikuwa na gari la aina hiyohiyo, la mwaka huohuo, jekundu vilevile. La kwake lilikaa kinyume: pua juu, mkia chini.

"La kwako limekaa kama mbwa anayesubiri mfupa," Jaji alimjibu bila kugeuka.

"Mbwa angalau anatazama mbele, shemeji."

Magari yale wanachama wa klabu waliyaita Mishale. Viti viwili, boneti ndefu, mkia mfupi. Kiwanda kiliyaunda kwa miaka michache kisha kikaacha, na tangu kilipoacha watu wazima wenye akili timamu hawajaacha kuyagombania. Lakini kiwanda hakikuunda Mshale wa namna moja. Nchi za baridi zenye barabara laini zilipata toleo lililoitwa la nyumbani: rejeta nyembamba, feni moja, injini yenye mgandamizo mkubwa, springi fupi, na taa moja nyekundu ya ukungu kwa nyuma. Nchi za jua na vumbi zilipata toleo la joto: rejeta nene, feni mbili, mgandamizo mdogo ili injini ivumilie petroli ya ovyo, springi ndefu zenye bapa moja zaidi, na bamba la chuma chini ya tangi kulikinga na mawe. Toleo la nyumbani lilikimbia zaidi. Toleo la joto lilifika.

Jaji alikuwa na toleo la nyumbani. Alilitaja hivyo kwenye mikutano ya klabu, kwenye misiba, na mara moja kwenye chumba cha daktari wa moyo, alipoulizwa kama ana tatizo lolote la kurithi. Mjomba Meno alikuwa na toleo la joto, na Jaji alilitaja hilo pia, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wa ngozi.

Sasa kiwanda kilikuwa kimeita Mishale yote duniani irudi kusherehekea kumbukumbu ya kuundwa kwake, na kila nchi ilialikwa kupeleka gari moja. Masharti yalikuwa mawili, na yalisomwa kwenye kikao cha klabu mbele ya wote. Kwanza, gari liwe zima kwa toleo lake: nambari ya mbele na ya nyuma ziwe moja, na vifaa vyote viwe vya toleo moja. Pili, yakipatikana magari zaidi ya moja yanayofaa, litangulie lile lililoundwa kwa ajili ya barabara za nchi inayolipeleka. Sharti la pili halikumsumbua Jaji. Kila mtu alijua Mshale wa shemeji yake ulikuwa na taa ya ukungu nyuma, taa ambayo toleo la joto halina, kwa hiyo ungeanguka kwenye sharti la kwanza.

Tangu aliponunua gari lile Jaji alisema neno moja: siku moja ataliendesha hadi kwenye lango lilikotokea. Watoto walikua wakilisikia. Miezi mitatu kabla ya ukaguzi huu daktari wa macho alimwambia kwamba leseni yake ya sasa ndiyo ya mwisho, na kwamba mwakani asijisumbue kuja kuomba nyingine. Safari ilikuwa mwaka huu au haikuwepo.

Mkaguzi alianza mbele. Rejeta nyembamba, sawa. Feni moja, sawa. Injini ilikuwa na muhuri wa mgandamizo mkubwa, sawa. Nambari ya chesi, ile iliyogongwa kwenye fremu, iliishia na 077. Jaji alisimama nyuma ya binti yake, mikono nyuma, akiimba kwa pua.

"Baba, unanizibia mwanga."

"Natazama haki ikitendeka."

"Itendeke ukiwa pale kwenye dirisha."

Kisha akalala chali kwenye mkeka wa mpira, akajisukuma chini ya mkia. Kwenye kreti, Mjomba Meno alikunja miguu yake kama mtu aliyekuja na tiketi.

"Kuna bamba la chuma chini ya tangi," sauti ya Mkaguzi ilitoka chini ya gari.

"La ziada," alisema Jaji. "Mwenye gari wa kwanza alikuwa mwangalifu."

"Springi za nyuma zina bapa moja zaidi."

"Mwangalifu sana."

"Hakuna taa ya ukungu. Hakuna hata matundu ya taa ya ukungu. Hapakuwahi kuwa na taa hapa, Baba."

Jaji hakuwa na mwangalifu mwingine wa kumsingizia. Mkaguzi alitoka chini, akafungua buti, akatoa tairi la akiba. Kiwanda kilikuwa na kawaida ya kugonga nambari ya chesi mara ya pili, chini ya tairi hilo, kwenye kona ambayo hakuna jicho la kawaida linalofika. Mkaguzi aliinamisha kichwa huku na huku, akashindwa.

"Subiri," alisema Mjomba Meno. Alitoa mfukoni kioo kidogo cha mviringo chenye mpini mrefu, kile ambacho madaktari wa meno hutazamia magego ya nyuma. Alikuwa amestaafu kazi lakini hakustaafu kioo. "Kimeingia kwenye vinywa vya watu wakubwa hiki. Kikiona uchafu hakishtuki."

Mkaguzi alikiingiza kwenye kona, akamulika kwa tochi, akasoma nambari kinyume, akaisoma tena.

"Mia nne na kumi na nane," alisema.

"Mbele ni sabini na saba," alisema Mjomba Meno, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Mkaguzi aliinua zulia nyuma ya viti. Chini yake, kutoka mlango hadi mlango, ulipita mshono wa kuchomelea, mnene, uliosuguliwa vizuri na kupakwa rangi. Gari lilikuwa limekatwa katikati na kuunganishwa. Mbele yake ilitoka gari moja na nyuma yake gari jingine.

Mjomba Meno alicheka mpaka kreti likaanza kulia. "Shemeji. Miaka yote hii. Juu ya toleo la nyumbani, chini mtu wa vumbi kama sisi."

"Nakata rufaa," alisema Jaji.

"Kwa nani?"

Jaji alimtazama binti yake. Binti yake alikuwa anafuta kioo kwa kitambaa ili akirudishe kikiwa safi.

"Mjomba," alisema, "la kwako ni saa nane."

*

Saa nane na robo walikuwa kwenye ua wa Mjomba Meno, chini ya paa la mabati. Jaji alikuja. Hakualikwa, lakini kreti lilikuwa limeshaonyesha njia, na safari hii aliyeketi pembeni alikuwa yeye, kwenye kiti cha zamani cha kung'olea meno ambacho mwenyeji alikitumia kusomea magazeti. Mama alikuja pia, na chupa ya chai, kwa sababu alikuwa dada wa mmoja na mke wa mwingine na hakutaka kusimuliwa.

Mbele kulikuwa na rejeta nene, feni mbili, na muhuri wa mgandamizo mdogo. Vyote vilikuwa sawa. Nambari iliishia na 418.

Mkaguzi aliisoma kwa sauti, kisha akainua uso. Wazee wawili walikuwa wanabishana kuhusu mabati na hawakusikia. Mama alisikia. Aliweka kikombe chini.

Nyuma kulikuwa na springi fupi, tangi bila bamba, na taa ya ukungu iliyofungwa na kiwanda chenyewe. Mkaguzi aliomba kioo. Mjomba Meno alikitoa kwa madaha.

"Sabini na saba," alisema Mkaguzi kutoka ndani ya buti.

Mabati yalilia kwa joto. Mjomba Meno aliinama, akakichukua kioo, akasoma mwenyewe, kisha akafanya jambo ambalo pengine alilifanya kila alipong'oa jino lisilohusika: akafunga mdomo na kutazama pembeni.

"Kwa hiyo," alisema Jaji polepole kutoka kwenye kiti, "umekalia makalio yangu."

"Na wewe yangu."

"Na umeyaacha yapate kutu."

"Yalikuja na kutu, shemeji. Familia yenu ndivyo ilivyo."

Mama ndiye aliyekumbuka, na alikumbuka kwa sababu alikuwa ameonya. Wote wawili walinunua kwa dalali mmoja, wiki moja, kwa kuwa hakuna aliyekubali mwenzake awe na Mshale peke yake. Dalali alileta magari yale kutoka nje yakiwa yamekatwa vipande viwili viwili, kwa maana gari zima lilitozwa ushuru wa gari na nusu gari lilihesabiwa spea. Akayaunganisha hapahapa. Dalali alishafariki. Fundi wake yupo, anaitwa Fundi Cheche, na Mkaguzi alimpigia simu, akaweka spika.

"Nyekundu mbili?" ilisema simu. "Nakumbuka. Nusu mbili zilifunikwa turubai, nusu mbili zilipigwa na jua. Nikaunganisha za turubai pamoja, na za jua pamoja."

"Kwa rangi," alisema Mkaguzi.

"Kwa rangi. Wateja walisifu sana rangi. Yule mheshimiwa alisema hajaona gari lenye rangi sawasawa kama lile."

Mheshimiwa alikuwa anatazama vidole vyake.

"Baba," Mama alimwambia mumewe, akimwita kama wanawe wanavyomwita, jambo alilolifanya pale tu alipotaka kumchoma, "yule mtu wa makontena uliyemfunga kwa kukwepa ushuru, ulimpa miaka mingapi?"

"Kesi ile ilikuwa tofauti."

"Tofauti vipi?"

"Yeye aliingiza basi."

Mkaguzi alifunga tochi. Alisema kwamba mambo yako wazi: magari yote mawili hayakidhi sharti la kwanza, na jioni hiyo ataijulisha klabu kwamba nchi haina gari la kupeleka. Alisema kwa sauti ileile ambayo aliwaambia wauza nyama kuhusu mizani zao. Baba yake alikuwa amemfundisha sauti hiyo.

Jaji alisimama. Kusimama kutoka kwenye kiti cha meno si rahisi, kinamshika mtu mgongoni, lakini alisimama kama anayesimama kutoka kwenye kiti chake cha zamani.

"Sharti linasemaje? Neno kwa neno."

"Nambari ya mbele na ya nyuma ziwe moja, na vifaa vyote viwe vya toleo moja."

"Linasema lolote kuhusu mshono?"

"Halisemi."

"Kuhusu gari kukatwa?"

"Halisemi, Baba."

"Basi mkaguzi hawezi kuongeza neno ambalo mwandishi hakuliweka. Gari likikatwa pale lilipokatwa, likaunganishwa na nusu yake ya haki, nambari zitakuwa moja?"

"Zitakuwa moja."

"Vifaa vitakuwa vya toleo moja?"

Mkaguzi alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu kwa kuwa swali limeulizwa vizuri. Alilizunguka gari la mjomba wake mara moja, akarudi. "Vitakuwa."

"Kwa hiyo litakidhi sharti."

"Litakidhi."

"Ndiyo hoja yangu," alisema Jaji, na uso wake ulikuwa na mng'ao ambao haukuonekana tangu astaafu.

"Magari yote mawili?" aliuliza Mjomba Meno.

"Yote mawili, bila shaka. Sheria haichagui sura. La kwangu litakuwa la nyumbani zima, na la kwako la joto zi..."

Kilichofuata kilionekana kikimpitia usoni, sharti la pili, neno baada ya neno. Yakifaa mawili, hutangulia lililoundwa kwa ajili ya barabara za nchi inayolipeleka. Alikuwa ameshinda kesi, na aliyeshinda alikuwa shemeji yake.

Mama alicheka hadi akaishika chupa ya chai kwa mikono miwili. "Endelea, Mheshimiwa," alisema. "Ulikuwa unafika pazuri."

*

Jaji alikataa. Alisema nusu ya nyuma ya gari lake haitatoka nyumbani kwake. Mjomba Meno alisema nusu ile si yake.

"Nimeiogesha kwa mikono yangu kila Jumapili."

"Mimi nimewasafisha watu meno miaka arobaini. Hakuna hata mmoja aliyeniachia."

"Bila mkia wangu hutembei. Magurudumu yanayosukuma yako nyuma."

"Bila pua yangu hujui unakokwenda. Na kwa macho yako, shemeji, hujui hata sasa."

Hilo liliuma. Mama alimtazama kaka yake, na kaka yake akakohoa bila kikohozi. Mkaguzi alikuwa anajibu maswali mengine kichwani. Usajili wa gari, alisema, hufuata nambari ya mbele. Kwa hiyo mbele ya sheria gari la 418 ni la Mjomba, pamoja na kila kipande chenye nambari 418, popote kipande hicho kilipolala.

"Baba, hii ingeletwa mbele yako, ungehukumu nini?"

Jaji alifikiri kwa haki. Hilo lazima lisemwe. Alifikiri kwa muda mrefu.

"Ningeahirisha," alisema.

Wakaahirisha. Klabu ilitakiwa kutuma jina la gari Jumatatu mchana. Jumapili Jaji hakuosha gari. Alikaa mbele ya gereji akiwa na gazeti lililofunguliwa ukurasa mmoja asubuhi nzima, na Mkaguzi, aliyekuja kuchukua pima maji yake, alimkuta hapo na mama yake amesimama mlangoni.

"Ukishikilia, hakuna anayekwenda," Mama alikuwa anasema. "Ukiachia, kaka yangu anakwenda. Mwakani huna leseni. Hayo ndiyo mambo yote, sijui unachosoma hapo ni nini."

"Ataendesha yeye hadi langoni."

"Ataendesha."

"Kwa miaka yote niliyosema nitafika, atafika Meno. Na ile rejeta yake kama godoro."

Mama hakumbembeleza. Hakuwa na desturi hiyo. "Gari lina viti viwili," alisema, kisha akaingia ndani kuangalia jiko.

Jaji alimgeukia binti yake. "Ungekuwa mimi?"

"Sijui kuwa wewe, Baba. Najua kwamba kesho saa sita mwaliko unakwisha."

"Huna hata huruma ya kupima."

"Uliniambia huruma haina kipimo."

Alikuwa amemwambia, kweli, binti akiwa na miaka tisa, kuhusu sungura. Jaji alikunja gazeti. Kisha akachukua simu na kupiga, na kwa kuwa macho yake yalimlazimu kuweka spika ndipo aone alichobonyeza, mazungumzo yote yalisikika.

"Shemeji," alisema Jaji. "Uko wapi?"

"Kwenye kiti changu. Wewe?"

"Nina masharti."

"Nilijua utakuwa nayo. Sema."

"Mkia uchukue. Nakwenda na wewe. Na kutoka njia panda ya mwisho hadi langoni, naendesha mimi."

Ulisikika mlio wa kiti cha meno kikiinuliwa kwa pedali, kitu ambacho Mjomba Meno alikifanya alipofikiri.

"Na mimi nina moja," alisema. "Kwenye kikao utasimama, useme mbele ya wote, Mshale wa joto ni gari kama gari. Usiseme 'kwa hali yake'. Usiseme 'kwa kiasi chake'."

"Nitasema ni gari linalofaa."

"Gari kama gari, shemeji."

Jaji alitazama gereji yake, pale mkia ulipoinuka.

"Gari kama gari," alisema, na akakata simu kabla hajaombwa kurudia.

Jumatatu saa nne asubuhi, mbele ya wanachama wote, alisimama na kulisema. Mweka hazina aliomba lirudiwe kwa kuwa hakusikia vizuri. Wenye masikio mazuri walisema mweka hazina alisikia vizuri sana. Saa tano na nusu jina la gari la 418 lilitumwa, kwa sharti kwamba Mkaguzi aidhinishe kazi ikikamilika.

*

Kazi ilifanywa na Fundi Cheche, kwenye karakana yake, kwa kuwa Mkaguzi alisema aliyeshona anajua alipopitisha uzi. Cheche alikuwa mnene sasa, na hakuona alichokosea.

"Mliniagiza zifanane," alisema. "Zilifanana."

Mishale miwili ilisimamishwa ubavu kwa ubavu, ikashikiliwa kwa jeki na mbao. Grainda ilianza na gari la Jaji. Sauti yake ilikuwa ile ya chuma kinachokataa, na cheche ziliruka hadi mlangoni, pale Jaji aliposimama na miwani ya kuchomelea aliyopewa. Alitakiwa asimame mbali. Alisimama karibu. Mshono ulipofunguka, nusu ya nyuma ilijitenga kwa kishindo kidogo, ikakaa juu ya magurudumu yake mawili na jeki, bila mwenye nayo.

"Pole," alisema Mjomba Meno.

"Kwa nini? Ni kipande cha chuma."

"Haya."

"Ulikikagua kutu?"

"Hakina hata doa. Umekiogesha vizuri."

Jaji alivua miwani akaifuta.

Siku iliyofuata nusu zilibadilishana. Cheche alipiga mistari kwa chaki, akavuta kamba, akapima pembe kwa pembe, na Mkaguzi akapima nyuma yake kila alipopima, hadi Cheche akamwomba akae chini kwa dakika chache. Rangi haikulingana. Kila gari sasa lilikuwa na nusu iliyoiva na nusu iliyofifia, na Mkaguzi alikataza yasipakwe upya kabla ya ukaguzi. Waliposhusha jeki, Mishale yote miwili ilikaa sambamba na sakafu. Hakuna ulioinama na hakuna uliokaa kama mbwa. Wazee wawili waliitazama. Mkao wa mbio ulikuwa umekwisha, na walionekana kama watu walionyolewa na kinyozi mgeni.

"Yanafanana na magari," alisema Mama.

Mkaguzi aliomba kioo cha meno, akasoma nambari nyuma ya gari la 418, akakuta 418. Akaweka sahihi.

*

Kuhusu safari yenyewe yapo mambo ambayo hayana ubishi. Gari lilisafirishwa kwa meli, wazee walisafiri kwa ndege, na walikutana nalo bandarini. Kulikuwa na baridi ambayo Mjomba Meno aliieleza kwenye simu kuwa inauma meno ya watu wasio na meno. Aliendesha yeye. Njiani, kwa maelezo ya wote wawili, Jaji alimkosoa kwenye kila kona, na kwenye mteremko mmoja alimwonya kuhusu ng'ombe ambaye alikuwa jiwe.

Kwenye njia panda ya mwisho, kilomita moja kabla ya kiwanda, Mjomba Meno aliegesha pembeni na kuzima injini. Alishuka, akazunguka kwa mbele. Jaji alishuka, akazunguka kwa nyuma. Walibadilishana viti. Jaji alirekebisha kioo, akafunga kifungo cha koti, akawasha. Injini iliitika mara ya kwanza, na gari likaingia barabarani vizuri.

Kutoka hapo maelezo ni mawili. Jaji anasema gari lilizima lenyewe. Mjomba Meno anasema halikuzima lenyewe. Wanakubaliana juu ya kitufe. Chini ya usukani, upande wa kulia, Mshale una kitufe cheusi cha kuvuta. Kwenye toleo la nyumbani kitufe hicho hufungua kipasha joto, na Jaji alikuwa amekivuta kwenye gari lake kila asubuhi ya mvua kwa miaka yote aliyokuwa nalo. Toleo la joto halina kipasha joto, kwa kuwa kiwanda hakikuona sababu ya kuwauzia watu wa jua joto jingine. Mahali palepale kiliweka choki, ya kuongezea injini petroli inapokuwa baridi. Injini haikuwa baridi. Miguu ya Jaji ndiyo iliyokuwa baridi. Alikivuta kitufe hadi mwisho, akasubiri miguu ipate joto, na lango likiwa tayari linaonekana, injini ikajaa petroli, ikakohoa, ikafa.

Alijaribu kuiwasha mara kadhaa. Kila jaribio liliizamisha zaidi. Nyuma yao msafara wa Mishale ya nchi nyingine ulikuwa umeanza kupiga honi.

"Shuka nijaribu mimi," alisema Mjomba Meno.

"Tulikubaliana. Hadi langoni."

"Lango ndilo lile pale."

"Sijafika."

Mjomba Meno alimtazama kwa muda, kwa mujibu wa Jaji kwa dharau, kwa mujibu wake mwenyewe kwa kupima umbali. Kisha akafungua mlango.

Kilichofuata kipo kwenye kamera ya lango, ambayo waandaaji walimtumia Mkaguzi nakala yake alipoomba. Picha ni safi na haina sauti. Saa tano na dakika ishirini na mbili, kwa saa ya kamera hiyo, Mshale wa joto unavuka mstari mweupe wa lango, injini imezima, Jaji yuko kwenye usukani ameketi wima, na Mjomba Meno yuko nyuma, mikono yote miwili juu ya buti, anasukuma.